Shahada Isiyoonjwa

Zamani zile mjini kwetu Tabora kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya vyuo vikuu vya nchi ambazo hakuwahi kuziona hata kwenye ramani. Jirani yetu mshona kanzu alishikilia kwamba elimu ya kweli iko Ujerumani, kwa kuwa Mjerumani ndiye aliyejenga reli, na reli yenyewe mpaka leo inabeba treni. Muuza kahawa alimpinga: Uingereza ndiyo mama wa shule zote, hao wengine wanaiga tu. India, hapo walikubaliana wote, ni nzuri kwa hesabu na kwa matibabu ya macho. Marekani wanasoma huku wanacheza. Urusi wanakufundisha siasa asubuhi na jioni, na katikati wanakupa supu ya kabichi. Mimi nilikuwa msichana wa kupita pale barazani na ndoo kichwani, nawasikia, nacheka peke yangu mpaka maji yananimwagikia. Sikujua kwamba siku moja wakubwa waliovaa kaunda suti wangetoka Dar es Salaam kuja kufanya kazi ileile ya muuza kahawa, na kwamba wangeifanya vibaya kuliko yeye.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, alipelekwa Bulgaria. Bulgaria haikuwamo katika mjadala wa barazani. Baba aliposikia aliuliza ni upande gani wa Urusi, na kaka alipomweleza kwamba si Urusi, mshona kanzu alimkonyeza baba kana kwamba kijana anaficha jambo. Lakini ilikuwa nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, imelipiwa kila kitu, nchi changa inawataka vijana wake warudi na ujuzi. Kijana ambaye baba yake ni muuza asali hachagui nchi kama mama anavyochagua kitenge. Akaenda.

Mwaka wa kwanza alisoma lugha tu, ndipo akaanza masomo yenyewe. Aliporudi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, amebeba koti zito ambalo mama alilikunja na kulifungia sandukuni na majani ya mwarobaini, na halikuvaliwa tena. Watu walikuja kumsalimia na kumsaili. Aliwaambia kwamba Wabulgaria wanapenda maziwa ya mgando kuliko chakula kingine chochote. Habari hiyo ilienea mjini, na ndiyo pekee iliyoipandisha Bulgaria hadhi mbele ya jamaa zetu wa vijijini. Kuhusu maji yaliyo chini ya miamba, jambo ambalo ndilo alilokwenda kusomea, hakuna aliyemwuliza, naye hakuwa mtu wa kulazimisha mazungumzo.

Hapo inanibidi nieleze biashara ya baba, maana bila kuieleza hamtaelewa kilichotupata. Baba alikuwa na duka dogo karibu na soko, akiuza asali na nta. Asali ilimfikia kwa madebe kutoka kwenye misitu ya upande wa Kaliua, kwa watu ambao baba zao waliwauzia baba zake. Ukoo wetu ulikuwa katika biashara hiyo tangu enzi za misafara, pale babu yake alipochoka kubeba pembe za wenye mali kwenda pwani akaamua kukaa mjini. Na wauza asali wa Tabora, wale wa asili, walikuwa na adabu yao ya kuuza. Mtu akiingia dukani, muuzaji hakuthubutu kuisifu asali yake. Kinyume chake, aliiponda. "Ya mwaka huu si nzuri sana, mama. Nyuki wamekula maua mabaya." Huku anasema hivyo, mkono unafungua kifuniko cha debe na kumpa mteja kijiti. Mteja anachovya, anaonja, anakwenda debe la pili, anaonja, wala hakuna anayemharakisha. Kazi ya muuzaji ni kufungua na kunyamaza. Aliyeisifu asali yake kwa mdomo, wenyeji walimpita moja kwa moja, wakijua huyo ameichanganya na maji ya sukari.

Tulilelewa hivyo hata nyumbani. Ukipika wali ukawa mzuri, ukisifiwa unasema chumvi imezidi. Ukiwa wa kwanza darasani, unamwambia mgeni kwamba unajaribujaribu. Mimi adabu hiyo ilinishinda mapema kwa sababu nina mdomo, na mama alikuwa akinifinya mbele za wageni. Kaka ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ungemfurahisha sana kama ungekaa naye saa nzima bila kumwuliza lolote juu yake.

Aliwekwa kwenye idara ya maji ya mkoa, kwa cheo cha muda, mpaka shahada yake itathminiwe. Ilikuwa miaka ile watu walipohamishwa kutoka kwenye makazi yao ya mbalimbali na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kilichosahauliwa ni kwamba barabara haikunywesha mtu. Kijiji kimoja upande wa magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, kiliwekwa mahali ambapo wanawake walilazimika kurudi kwenye visima vyao vya zamani, safari ya kwenda alfajiri na kurejea jua kali. Kaka aliishi pale karibu kiangazi chote. Alipima miamba kwa vyombo vyake, akachora, na jioni akakaa na wazee kuwauliza wapagazi wa zamani walikuwa wakilala wapi. Aliniambia kwamba msafara mkubwa hauwezi kulala pasipo na maji, kwa hiyo kambi za zamani zilimsaidia kuchagua pa kuanzia kupima. Kisima kikachimbwa. Maji yakatoka, matamu, na hayakukauka hata mwezi wa kumi.

Nilikwenda kukiona kwa lori la ofisi. Wanawake walikuwa wamemfunga kaka khanga kiunoni na kumchezea ngoma, naye anatazama chini kwa haya mpaka nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Kaka, inua basi hata kichwa." Akasema mafundi ndio waliochimba.

Basi ikaja habari kwamba jopo linakuja kutoka Dar es Salaam kutathmini elimu za nje. Nchi ilikuwa imepeleka vijana kila pembe ya dunia, na sasa walikuwa wanarudi kila mmoja na karatasi ya namna yake, na serikali ilitaka kujua yupi ni sawa na yupi. Sina ugomvi na nia hiyo. Daktari aliyesoma miaka mingi si sawa na aliyesoma michache, na daraja likianguka haliangukii karatasi. Ugomvi wangu ni jinsi walivyopima.

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi za mkoa, na jopo lilipofika ndimi niliyepewa kazi ya kuwapigia chapa karatasi zao. Kwa vyuo vya Uingereza, India na Marekani walikuja na vitabu vinene vinavyoeleza kila somo na saa zake. Kwa Bulgaria walikuwa na karatasi za masomo ya kaka, zimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuzisoma. Kaka alijitolea kuzitafsiri. Wakamwambia haiwezekani, mtu hawezi kujitafsiria mwenyewe. Badala yake wakaamua kwamba wahitimu wa nchi zisizo na taarifa waitwe, waulizwe, wajieleze wenyewe viwango vyao. Mpaka leo nikikumbuka uamuzi ule nashikwa na hasira. Asiyeaminiwa kutafsiri jina la somo ndiye huyohuyo anayeaminiwa kujipimia elimu yake yote!

Jioni ya kuamkia siku ya mahojiano, baada ya sala ya magharibi, baba alimwita kaka barazani. Mimi nilikuwa nachambua mchicha mlangoni, na mama yuko jikoni.

"Kesho unakwenda mbele ya wakubwa," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Usijitape. Watu wale wana macho. Mtu akiingia dukani kwangu nikaanza kumwimbia utamu wa asali yangu, nimeshamfukuza. Wewe fungua debe, wape kijiti, kaa kimya. Kisima chako si kipo? Waambie kipo, waende wakaone."

"Nimekuelewa, baba."

"Na uwaheshimu. Wakikuuliza kama unajua, useme wanaojua ni wao."

Mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Na shati la bluu, usivae lile la kijani, lina doa." Tukacheka. Nilikuwa nimeajiriwa, nina macho na mdomo, nilishaona ofisini jinsi watu wanavyopanda vyeo kwa kupiga vifua vyao, lakini hata mimi niliona baba amesema vizuri. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea, na maneno yale yalitupendeza sote.

Walioitwa siku ile walikuwa kaka na mwenzake mmoja, kijana wa Nzega, mtoto wa wakulima wa pamba, ambaye naye alikuwa idara ya maji. Walisoma darasa moja tangu wadogo, wakaachana njia: huyu Bulgaria, yule Uingereza. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alikuwa kijana mwema, mwenye kicheko kikubwa, na kazi yake aliijua. Tofauti yao ni kwamba kule alikosoma, mwenyewe alitusimulia, mwanafunzi husimamishwa mbele ya wenzake akajieleza kwa nini wazo lake ni bora kuliko la wengine wote, na anayesitasita anapunguziwa alama. Alianza kwa kuona haya, akaishia kupenda. Jopo lilikuwa na taarifa za chuo chake tayari, ila lilimwita ili kuwalinganisha, maana nafasi ya mhandisi ilikuwa moja.

Meza yangu ilikuwa chumba cha nje, na mlango wa kati uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Nilisikia kila neno. Mwenyekiti alimwuliza yule wa Nzega kama anaweza kuongoza idara ya maji ya mkoa.

"Ndugu Mwenyekiti, mkinipa leo, kesho asubuhi naanza," alijibu, na wote wakacheka naye.

Kisha akaingia kaka. Alipita mbele ya meza yangu na shati lake la bluu, akanitazama kidogo, akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Ndugu, elimu uliyoipata huko unailinganishaje na ya wenzako waliosoma Uingereza?"

"Uingereza sijafika, Ndugu Mwenyekiti. Waliosoma huko ndio watakaojua."

"Lakini wewe mwenyewe, unajiona uko kiwango gani katika fani yako?"

Nilimjua kaka yangu. Nilijua jibu kabla hajafungua kinywa.

"Bado najifunza, Ndugu Mwenyekiti. Nyinyi wazoefu ndio mnaoweza kusema."

"Una uhakika unaweza kusimamia uchimbaji peke yako?"

"Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Wapo mafundi walionitangulia." Kisha akafungua debe lake kama alivyofundishwa. "Kuna kisima tulichochimba kwenye njia ya Kaliua. Si kikubwa. Kama mtapata nafasi, ningeomba mkakione."

Nilisikia karatasi zinafunuliwa. Mmoja wao akasema wangependa sana, lakini treni yao ni ya jioni. Gari la ofisi lilikuwa limesimama chini ya dirisha langu, dereva amelala ndani yake. Asubuhi bado ilikuwa mbichi. Wangekwenda, wakanywa maji yale, na wangerudi kabla treni haijapiga honi. Lakini waliona wameshapata walichokitaka, na kaka akaambiwa aende. Alipotoka aliniwekea mkono begani, uso wake umetulia, kama mtu aliyefanya jambo sawasawa. Mlango ukiwa bado wazi nikamsikia mwenyekiti akiwaambia wenzake, bila ubaya wowote, hata kwa masikitiko, "Mnasikia wenyewe. Mtu anasema bado anajifunza. Sisi tumpandishe kwa lipi?"

Nilitaka kuinuka. Nilitaka kuingia mle ndani na kuwaambia kwamba hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyosema anapokuwa anajua. Lakini mpiga chapa haingii kwenye kikao akawafundisha wakubwa adabu za Tabora, na mtuhumiwa mwenyewe ni ndugu yake. Nilikaa. Nikapiga chapa walichonipa nipige.

Kilichoniuma zaidi kilitokea mchana. Wajumbe walitaka kununua asali ya kuwapelekea wake zao, maana nani atakwenda Tabora arudi mikono mitupu? Dereva akawaleta dukani kwa baba. Mimi nilikuwa nimetoka kazini nimempelekea baba chakula, nikawakuta wameshaingia. Baba aliwatambua kwa kaunda suti, lakini hakujitambulisha, kwa sababu kujitambulisha kungekuwa kumwombea mwanawe.

"Karibuni, wakubwa. Asali ya mwaka huu si ya kusifia," baba alisema, akifungua kifuniko.

Mwenyekiti akacheka kwa furaha. "Nimeambiwa juu yenu nyinyi! Mkisema mbaya ndiyo nzuri hiyo." Akachukua kijiti. Akaonja debe la kwanza, akafumba macho. Akaonja la pili. Akawaita wenzake waonje, wakabishana ipi ina harufu ya msitu zaidi, wakarudi kwenye la kwanza kuhakikisha. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Treni ya jioni haikutajwa. Baba alisimama pembeni mikono nyuma, akiwatazama watu waliokuwa wanajua kuonja.

Walipoondoka, baba aligeuka kwangu na uso wa furaha ambao sijausahau. "Umewaona? Watu waangalifu sana. Mwanangu yuko kwenye mikono mizuri." Nikamwambia ale chakula kinapoa. Niliyoyasikia sikumwambia, maana majibu yalikuwa hayajatoka rasmi, na moyoni nilikuwa bado naomba Mungu.

Majibu yalitoka. Elimu ya Bulgaria, katika fani ya kaka, ilihesabiwa kuwa chini ya shahada ya chuo kikuu, na yeye akawekwa kuwa fundi sanifu, chini ya mwenzake wa Nzega. Si yeye tu; baadaye nilisikia kila aliyetoka huko na fani hiyo aliwekwa hapohapo, kwa kuwa mhitimu aliyehojiwa alikuwa amekiri mwenyewe. Chuo kizima cha watu, na maprofesa wake, na maabara zake, kilipimwa kwa adabu ya mtoto wa muuza asali. Mshona kanzu alikuja kutupa pole. Alisema yeye alijua tangu mwanzo, ni upande wa Urusi ule.

Kaka hakulalamika. Alikwenda kazini, alipokea maagizo, aliyatekeleza. Mwenzake yule aliona aibu kubwa na alimheshimu, hata akawa hamwamuru bali anamwomba. Siku moja ya Idi alikuja nyumbani kututembelea, kama alivyozoea tangu utoto. Tulikuwa tumekaa sebuleni, pilau imeshaliwa. Akaanza kumsifu kaka mbele ya baba.

"Mzee, mlimlea mtu. Mimi pale nilijimwaga, nikasema kila ninachoweza na nisichoweza. Mwenzangu aliponieleza alivyojibu, niliona haya. Eti, 'Nyinyi ndio mnaoweza kusema.' Eti, 'Bado najifunza.' Mtu aliyewapa watu maji! Nani angesema hivyo siku hizi?"

Alikuwa anasifu kwa moyo mweupe. Kaka alimtupia jicho anyamaze, lakini alikuwa amekwisha kusema. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakukipeleka mdomoni wala hakukiweka chini. Aliuliza polepole, "Na kisima? Walikwenda kukiona?"

"Wapi, mzee. Walisema treni."

Baba akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Akanyanyuka, akasema anakwenda kuswali, na alasiri ilikuwa bado kabisa. Tangu siku ile aliacha kusema kwamba asali yake ni mbaya. Wala hakuisifu. Mteja akiingia alifungua kifuniko, akatoa kijiti, akatazama barabarani. Wateja wa zamani walidhani anaumwa.

Kaka aliondoka mvua mbili zilipopita. Hakufanya sherehe. Alipanda basi la Mbeya, akavuka kwenda Zambia, ambako walikuwa wanatafuta watu wa maji. Kule nao hawakuweza kuzisoma karatasi zake. Alivyotusimulia baadaye, walimpa mtambo na mafundi na wakamwelekeza mahali pakavu, wakamwambia watamfuata baada ya muda. Walipomfuata wakamwita mhandisi. Nilifurahi kusikia, kisha usiku nikalia, kwa sababu jambo hilo lilikuwa rahisi kiasi hicho na sisi lilitushinda. Mkoa wetu una kiu mpaka leo. Alichimba visima vya watu wengine, ujana wake wote, na sisi tukabaki na koti la Bulgaria sandukuni.

Siku hizi nakaa Ipuli, hapahapa mjini kwetu, nimestaafu, na redioni nasikia vyuo vikuu vya dunia vikipangwa, cha kwanza, cha kumi, cha mia. Labda wanaopanga wana mizani nzuri kuliko ya wale wa kwetu. Sijui. Najiuliza tu kama kuna mtu alikwenda kuonja. Kisha naizima redio, maana nikianza kuwaza hayo silali.

Kaka alirudi kututazama mara chache. Mara niikumbukayo ilikuwa miaka ya foleni, sukari haipatikani, sabuni haipatikani, watu wanakunywa chai kwa asali na duka la baba linajaa watu naye hana nguvu za kusimama. Alikuwa amelala chumba cha uani, miguu imevimba. Kaka aliingia na sabuni za Zambia kwenye begi, na mvi za kwanza kwenye ndevu. Wageni waliokuja kumjulia baba hali waliulizia na habari za kaka, ndiyo kawaida.

"Shikamoo mzee. Unaendeleaje? Na huyu ndiye mwanao wa Zambia? Anafanya kazi gani huko?"

Baba alimtazama kaka, akimsubiri.

"Nasaidiasaidia mambo ya maji," kaka alisema.

Wageni walipokwenda zao, baba aliomba ainuliwe. Nikamwekea mto mgongoni. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, kaka amekaa kwenye kigoda miguuni pake, kichwa ameinamisha kama anavyokaa kila mara mbele ya baba.

"Nikuulize," baba alisema. "Kazini kwako wewe ni nani?"

"Niko idara ya maji, baba."

"Sikukuuliza uko wapi. Wewe ni nani?"

Kaka akakisogeza kigoda karibu zaidi. Baba alipumua kwanza, maana maneno yalikuwa yanamchosha.

"Wewe ni mhandisi. Na kazi yako unaijua kuliko wengi. Haya, mimi nimesema. Sasa sema wewe, nikusikie. Hapa hakuna mtu, ni sisi tu."

Nilimwona kaka anainua uso. Nilimwona anafungua kinywa. Mtu wa makamo, ambaye wakubwa wa nchi nyingine walikuwa wanamwita kwa heshima, alisema "Mimi," kisha akasimama hapo. Akajaribu tena. Nilitaka kumsemea, mimi mwenye mdomo, ningeyasema yote kwa pumzi moja, lakini baba aliniinulia kidole ninyamaze. Tulimngoja. Uji ulipoa mikononi mwangu. Mwishowe kaka aliinamisha kichwa, na nikaona machozi yanadondokea magoti yake.

Baba akanyoosha mkono, akamshika kichwani kama anavyoshikwa mtoto mdogo.

"Basi, mwanangu," alisema. "Basi. Mimi ndiye niliyekulea hivyo."

Kaka aliondoka siku ya pili yake, kwa sababu ruhusa yake ilikuwa imekwisha, na hawakuonana tena.